Maneno muhimu yapo, watazamaji hawapo: tafuta kasoro kwa kufuata dalili

Malalamiko ya wanaochapisha mtandaoni yanafanana mno. "Nimeweka maneno muhimu yote, mbona video haiendi?" Swali hilo moja limebeba kasoro kadhaa tofauti, na dawa ya moja haitibu nyingine. Kwa hiyo kabla hujabadilisha neno hata moja, fungua takwimu za chapisho lako uangalie mambo matatu kwa mfuatano: limeonyeshwa mara ngapi, limebofywa mara ngapi, na waliobofya walikaa muda gani. Namba ya kwanza kuwa mbovu ndiyo inayokuelekeza sehemu ya kusoma hapa chini.

Shika jambo moja kabla ya yote. Neno muhimu linaujulisha mfumo wa jukwaa, yaani programu inayochagua nani aonyeshwe nini, kitu chako kinahusu nini na kinamfaa nani. Baada ya hapo anayeamua ni mtazamaji: anabofya au anapita, anamaliza au anaondoka. Neno zuri haliokoi video inayokimbiwa, ila neno baya laweza kuipeleka video nzuri kwa watu wasioihitaji.

Nitatumia mfano mmoja karibu kote: video, au makala, inayofundisha kubadilisha zipu ya suruali.

## Imechapishwa, namba zimelala sifuri

Anza na mipangilio. Maneno yasubiri.

Mara nyingi chapisho halijawa la umma. Limebaki faragha, limewekwa kwa wenye kiungo tu, au limepangiwa saa ambayo haijafika. YouTube haiingizi video ya wenye kiungo kwenye utafutaji wala mapendekezo, hata uipambe kwa maneno namna gani. Toka kwenye akaunti yako, au fungua dirisha la faragha la kivinjari, kisha tafuta kwa kichwa kamili. Usipoiona, rudi kwenye mipangilio ya mwonekano.

Sababu inayofuata ni haraka yako tu. Kwa ukurasa mpya wa tovuti, Google yenyewe husema kuutembelea kunaweza kuchukua siku chache hadi wiki kadhaa. Badala ya kukisia, ingia Search Console, chombo cha Google cha wenye tovuti, bandika anwani ya ukurasa kwenye kisanduku cha juu, nayo itakwambia kama ukurasa umo kwenye faharasa ya Google, yaani orodha ya kurasa inazoweza kuonyesha, na, kama haumo, umezuiwa na nini.

Wenye tovuti wana mtego wao. WordPress ina kisanduku, kwenye mipangilio ya Kusoma, kinachoziomba injini za utafutaji zisiorodheshe tovuti. Fundi hukitia tiki wakati wa ujenzi, kazi inakabidhiwa, tiki inabaki. Kuiondoa unaweza mwenyewe. Lakini katazo likiwa kwenye faili la robots.txt, au limeandikwa noindex ndani ya msimbo wa kurasa, na wewe hujawahi kugusa vitu hivyo, simama umwite fundi wa tovuti. Mstari mmoja uliokosewa hapo unaweza kuitoa tovuti nzima kwenye matokeo.

Kwa video, angalia pia kama umeitia alama ya "kwa ajili ya watoto". Tangu Januari 2020 video yenye alama hiyo kwenye YouTube hufungwa maoni na kengele ya arifa, na huelekea kupendekezwa pamoja na video nyingine za watoto. Anayefundisha zipu akijibu swali hilo vibaya, atakuwa ameielekeza kazi yake kwa hadhira isiyoshika sindano.

Mwisho kabisa, akaunti yenyewe yaweza kuwa na kizuizi. Instagram ina ukurasa wa Hali ya Akaunti unaoonyesha kama machapisho yako yanaruhusiwa kupendekezwa kwa wasiokufuata. Kabla ya kulalamika kwamba umefungiwa kimyakimya, pita hapo. Wengi wanaolalamika hukuta kila kitu ni kijani, maana yake tatizo liko sehemu nyingine ya mwongozo huu.

## Inaonyeshwa, watu wanapita

Maonyesho yapo, mibofyo haba. YouTube husema nusu ya chaneli na video zake zina kiwango cha kubofya kati ya asilimia 2 na 10, kwa hiyo asilimia 4 si msiba. Tena namba hii hushuka yenyewe mfumo unapoanza kuionyesha video kwa watu wasiokujua. Utazamaji ukipanda huku asilimia ikishuka, usiguse kitu.

Utazamaji usipopanda, mshukiwa wa kwanza ni kichwa kilichojaa maneno bila kusema neno: "Zipu, kubadilisha zipu, zipu ya suruali, fundi zipu, zipu mbovu." Aliyekiandika alikuwa anazungumza na mashine, na binadamu amekiona. Chagua neno kuu moja, ulitie kwenye sentensi ambayo mtu angeweza kumwambia mwenzake: "Zipu ya suruali imeachia? Ibadilishe bila cherehani." YouTube inaruhusu kichwa cha herufi 100, lakini kwenye simu huonekana sehemu tu, basi neno kuu likae mwanzoni. Jina la chaneli, namba ya kipindi na salamu zisogezwe nyuma au zifutwe.

Mshukiwa wa pili ni neno pana kupita kiasi. "Ushonaji" ni neno muhimu kweli, ila halimwambii mtu kama video inamhusu yeye. Kulipunguza upana, sikiliza wanaouliza wanavyouliza. Andika mwanzo wa neno kwenye kisanduku cha utafutaji, polepole, usome kinachojitokeza chini yake. Soma maoni chini ya video zinazofanana na yako. Kama tayari una machapisho, ripoti ya maneno yaliyotafutwa ndani ya YouTube Studio (sehemu ya YouTube ya wachapishaji) au Search Console itakuonyesha watu walifika kwa kuandika nini hasa, na hiyo ni bora kuliko orodha yoyote ya kununua.

Hapa wanaoandika Kiswahili wana la kuangalia zaidi. Mtu mwenye shida haandiki lugha ya kitabuni. Huandika "zip imeharibika nifanyeje", wala haandiki "mbinu za ukarabati wa vifungio vya mavazi". Mwingine ataandika "zipu", mwingine "zip", na wote wawili ni wako. Weka umbo moja kwenye kichwa na jingine kwenye sentensi ya kwanza ya maelezo. Ila usianze kupanga minyambuliko yote, shona, kushona, nishone, ushonaji, kama vile unajibu mtihani wa sarufi. Ukieleza jambo lako kwa aya mbili za kawaida, maumbo mengi yatajiingiza yenyewe, na msomaji hatahisi anapigwa na nyundo.

Kijipicha, ile picha ndogo ya kubofya, nacho hukosewa, hasa kinaporudia maneno yale yale ya kichwa. Kichwa kikisema "bila cherehani", picha ionyeshe sindano mkononi na zipu iliyoachia. YouTube ina kipengele cha kujaribu vijipicha hadi vitatu kwa video moja, kwa akaunti zilizofunguliwa vipengele vya juu. Vyovyote vile, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha kichwa, picha na maelezo siku moja, namba zikipanda hutajua cha kushukuru.

## Wanabofya, halafu wanaondoka

Hii ndiyo kasoro mbaya kuliko zote, na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote, kwa sababu mtu huona mibofyo mingi akadhani maneno yanafanya kazi.

Kuna historia hapa. Hadi mwaka 2012 YouTube ilipanga mapendekezo kwa kutegemea sana idadi ya utazamaji. Vichwa vya kudanganya vikashamiri, maana kubofywa kulitosha. Mwaka huo ikahamia kwenye muda ambao watu walitazama, na baadaye ikaongeza majibu ya watazamaji wanaoulizwa kama wameridhika. TikTok nayo, ilipoeleza mfumo wake Juni 2020, ilisema kumaliza video ndefu hadi mwisho kuna uzito mkubwa kuliko, kwa mfano, mtazamaji na mchapishaji kuwa katika nchi moja. Kwa hiyo neno linaloleta watu wanaoondoka upesi linakuharibia kuliko kutokuwa na neno.

Fungua mchoro wa udumifu wa watazamaji, unaoonyesha wangapi bado wanatazama kila sekunde. Umbo lake litakwambia sababu.

Umeporomoka sekunde za mwanzo. Kichwa kimeahidi kitu, mwanzo hautoi. Mtu amebofya "ibadilishe bila cherehani", anakutana na muziki, nembo inayozunguka, salamu ndefu na ombi la kujisajili. YouTube Studio hukuonyesha ni asilimia ngapi bado wapo ikifika sekunde ya 30, na hiyo ndiyo namba ya kupigania. Onyesha zipu mbovu na suruali iliyokwisha kutengenezwa ndani ya sekunde chache, kisha litamke neno kuu katika sentensi ya kwanza. Kulitamka kuna faida mbili: anayesikiliza anajua amefika, na manukuu ya video yanabeba neno hilo kwa maandishi. Kwenye makala, jibu likae aya ya kwanza. Historia ya zipu, kama lazima iwepo, ishuke chini.

Umeanguka ghafla katikati, mahali pamoja. Nenda dakika hiyo uitazame mwenyewe. Mara nyingi utakuta tangazo lako, hadithi ya pembeni, au sauti iliyopotea. Lakini huenda pia ndipo jibu lilipokamilika, na watu wameondoka wakiwa wameshiba. Hiyo si kasoro, ila inakwambia dakika zilizobaki hazina kazi. Ukiwa na video ndefu, igawe kwa sura: mihuri ya muda kwenye maelezo, wa kwanza ukiwa 0:00, sura zisipungue tatu na kila moja isipungue sekunde 10. Majina ya sura ni mahali pazuri pa maneno membamba ambayo yangekichafua kichwa, kama "kufumua zipu ya zamani" au "kukata zipu iliyozidi".

Unashuka pole pole hadi mwisho. Kawaida. Endelea na kazi.

Mchoro usipokusaidia, shuku nia ya mtafutaji. Anayeandika "zipu ya suruali" huenda anataka kununua, wakati anayeandika "jinsi ya kubadilisha zipu" anataka kujifunza. Tafuta neno lako mwenyewe uone ukurasa wa kwanza umejaa nini. Ukijaa maduka, somo lako halikai hapo hata likiwa zuri, basi hamia kwenye neno la wanaojifunza.

Onyo. Usiweke jina la mtu maarufu, tukio linalovuma au chaneli kubwa kwenye kichwa, maelezo au lebo (tags) kama halimo kwenye video. Sera ya YouTube dhidi ya maelezo ya kupotosha inaruhusu video hiyo kuondolewa, na onyo la chaneli huweza kufuata.

## Inapatikana kwa kutafuta tu, mapendekezo hayaji

Takwimu zinaonyesha karibu watu wote wametoka kwenye utafutaji, na ukurasa wa mwanzo haujakuletea kitu. Wengi hujibu kwa kuongeza maneno, kumbe maneno yameshafanya kazi yake.

Mwaka 2016 wahandisi wa Google walichapisha maelezo ya jinsi YouTube inavyopendekeza, na muundo ulikuwa wa hatua mbili. Kwanza mamilioni ya video huchujwa hadi kubaki mamia, kwa kuangalia zaidi mtu ametazama na kutafuta nini. Kisha hayo mamia hupangwa kwa foleni. Mifumo imebadilika tangu hapo, lakini mantiki imebaki: utafutaji huanza na neno aliloandika mtu, mapendekezo huanza na mtu mwenyewe. Neno lina nguvu kubwa zaidi kitu kikiwa kipya na hakina historia ya watazamaji.

Cha kufanya, kwa hiyo, ni kumpa mtazamaji sababu ya kutazama kitu chako cha pili. Video ya zipu imalizike kwa kumwelekeza kwenye video ya kupunguza kiuno cha suruali, siyo kwenye "video zangu nyingine". Ziweke kwenye orodha moja, na utumie istilahi zile zile kila mara. Leo ukisema "zipu", kesho "kifungio", keshokutwa "mnyororo wa suruali", unaziachia kazi zako undugu usioonekana.

Halafu kuna mada ambazo kwa tabia yake ni za kutafutwa. Hakuna anayeamka na hamu ya kutazama zipu. Video kama hiyo yaweza kukuletea watu wachache wachache kwa miaka, na kwa maoni yangu ni mali, usiivuruge. Ukitaka mapendekezo kwa somo hilo hilo, tengeneza nyingine yenye pembe inayomvuta asiyekuwa na shida: "Nilichojifunza kwa kufumua suruali 10 zenye zipu mbovu". Neno kuu limo, lakini anayebofya anavutwa na udadisi.

## Imefika kwa watu wasiohusika

Utazamaji upo, maoni ni ya ajabu, na hakuna anayerudi. Sababu kubwa ni hashtegi za jumla zilizonakiliwa kutoka kwa mtu mwingine, zile za "inavuma" na "kwa ajili yako". Zinaeleza matamanio ya mchapishaji, hazielezi kilichomo. Ziondoe.

Inayofuata ni neno lenye maana mbili lililoachwa peke yake. Makala yenye kichwa "Paa: dalili za hatari" yaweza kuwa ya nyumba inayovuja au ya mnyama wa porini. Neno kama hilo lipewe wenzake: paa la nyumba, mabati, misumari, kuvuja. Maneno hayo jirani ndiyo yanayoweka maana sawa, kwa mfumo na kwa msomaji.

Kisha angalia mpangilio wa lugha ya video. Ukiongea Kiswahili huku lugha iliyowekwa ni Kiingereza, manukuu ya kiotomatiki hutoa maandishi yasiyoeleweka. Rekebisha lugha, na ikiwezekana pakia manukuu uliyoyaandika au kuyahariri mwenyewe. Ni kazi ya kuchosha, ila hulipa.

## Lebo zimejaa pomoni na hakuna kilichobadilika

Fupi hapa. YouTube inatoa nafasi ya herufi 500 za lebo, lakini yenyewe husema lebo zina mchango mdogo sana katika kugunduliwa kwa video, na zinafaa zaidi kwa maneno ambayo watu hukosea tahajia. Weka chache uondoke. Hashtegi zikizidi 60 kwenye video moja, YouTube huzipuuza zote. Kwenye Instagram maneno muhimu na hashtegi viwe kwenye maelezo ya chapisho, siyo kwenye maoni ya chini, kama wenyewe wanavyoshauri. Na kwa tovuti, Google ilitangaza Septemba 2009 kwamba haitumii lebo ya maneno muhimu iliyofichwa ndani ya msimbo kupanga matokeo. Bado kuna watu wanalipwa kuijaza.

## Ilikuwa inakwenda vizuri, ikakatika

Kwanza shuku msimu. Weka neno lako kwenye Google Trends, chombo kinachoonyesha neno linatafutwa kiasi gani kwa nyakati tofauti, uangalie miaka kadhaa. Kumbuka kipimo chake ni 0 hadi 100 kwa kulinganisha na kilele cha neno hilo lenyewe, kwa hiyo 100 si idadi ya watafutaji. Mstari ukishuka kila mwaka miezi ile ile, subiri. Search Console hutunza takwimu za miezi 16, basi linganisha mwezi huu na mwezi kama huu mwaka jana kuliko na mwezi uliopita.

Pili, jikumbushe ulichokigusa. Kichwa kilichokuwa kinaleta watu kikibadilishwa kwa nia ya "kukiboresha", chaweza kupoteza neno lililokuwa linakibeba. Rudisha cha zamani uache kwa muda.

Tatu, kwa tovuti, kurasa zako mbili huenda zinagombea neno moja. Ndani ya Search Console bofya neno hilo kisha angalia kurasa: zikitokea mbili zikipishana, ziunganishe kuwa moja iliyo nzuri. Kuielekeza anwani ya zamani kwenye mpya ni kazi ya fundi kama hujawahi kuifanya. Usifute tu.

## Wapi pa kusimama

Usiendelee kuchezea maneno ukikutana na mojawapo ya haya:

- Search Console imeonyesha hatua iliyochukuliwa na wakaguzi wa Google, au tatizo la usalama. Kurasa za dawa au kamari usizoziandika zikionekana kwenye matokeo kwa jina la tovuti yako, tovuti imevamiwa. Mwite mtaalamu wa usalama, badilisha nywila, na usifute kitu kabla hajaona.
- Umepata onyo la hakimiliki au la sera. Tumia njia rasmi ya rufaa ndani ya akaunti. Kufuta video na kuipakia upya kwa kichwa kingine huongeza kosa.
- Trafiki ya tovuti nzima imeshuka siku moja, siyo ya ukurasa mmoja. Hilo kwa kawaida ni la kiufundi: seva, kuhama kwa anwani, au katazo lililoingia kwa bahati mbaya.
- Mtu amekuandikia kukuuzia watazamaji, au kukuhakikishia nafasi ya kwanza. Utazamaji wa kununua unakiuka sera za majukwaa, na hakuna anayeweza kuihakikisha nafasi hiyo. Akiomba nywila, mzuie.

Unapomwita mtaalamu, mpe tarehe tatizo lilipoanza, anwani za machapisho husika, picha za skrini za takwimu kabla na baada, na orodha ya kila ulichobadilisha tangu hapo. Mpe ruhusa ya kuingia kupitia sehemu ya watumiaji ya akaunti, kwa kiwango kinachotosha kazi yake, na uiondoe akimaliza.